Siku Utakapoulizwa

Usiku wa giza ukikaribia, mwezi ukiwa umekwisha, wavuvi wa usipa wa Matema huanza maandalizi mapema, jua likiwa bado juu ya mchanga. Nimekaa nao mara nyingi nikiwatazama. Mmoja anaupitisha wavu vidoleni, tundu baada ya tundu. Akifika palipochanika anasimama, anachomeka sindano ya mti, anafunga fundo, anaendelea. Mwingine amepakata karabai. Anafuta kioo, anaitikisa kusikia mafuta yamebaki kiasi gani, anajaza, kisha anapampu mpaka mkono uchoke. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, na hao nao utawaona wakiziwasha moja moja na kuulizana zimechajiwa tangu saa ngapi. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema, "Tutatengeneza hukohuko." Huko mbele upepo wa mwera ukianza, mtumbwi unayumba na mkono hauoni sindano. Usipa wanaifuata taa inayowaka.

Bwana Yesu alipotaka kufundisha habari za kukesha, alitoa mfano wa wasichana kumi na taa zao, nao uko katika Mathayo sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia, hata wale watano wenye busara, na hapo ndipo wahubiri wengi hupapita haraka. Walitofautiana kwenye akiba ya mafuta tu. Basi kuwa tayari kiroho si kukosa usingizi, wala si kutembea na uso wa mkesha kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Ni kuwa na akiba, ili mtu akikuamsha ghafla usikute chupa tupu.

Mimi nimewahi kukuta chupa tupu. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda kosta kutoka Mbeya kurudi nyumbani Kyela. Tulipopita Tukuyu na gari kuanza kushuka, joto la bondeni likiingia madirishani, mama aliyekaa kando yangu alianza kulia kimyakimya. Alikuwa anatoka hospitali, na alichoambiwa huko hakikuwa chema. Aliiona Biblia juu ya mkoba wangu. Akaniuliza, "Ninyi mnaosali, nguvu mnaipata wapi?" Mimi niliyelelewa kanisani, niliyepata kipaimara, niliyeimba kwaya tangu utotoni, nikamtajia jina la kanisa letu na saa ya ibada ya kwanza. Nikamwambia karibu sana. Akaitikia, "Ndaga," yaani asante, akageukia dirishani. Aliteremka njiani, na sijamwona tena.

Sikumdanganya. Lakini aliniuliza habari za nguvu, nami nikampa ratiba. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tunachoandaa makanisani ni nini hasa, na ushauri ninaoutoa hapa umetokana na swali lile.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 na mstari wa 15, anawataka Wakristo wawe tayari kumjibu yeyote anayewauliza kwa nini wana tumaini, na wajibu kwa upole na heshima. Aliwaandikia watu wa kawaida waliotawanyika ugenini, waliosemwa vibaya na majirani, wengine wakiwa watumishi wa nyumba za watu. Hawakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Petro anachukulia kwamba wataulizwa, kwa sababu maisha yao yatawafanya watu waulize. Ukiona miaka inapita na hakuna mtu anayekuuliza kitu, anza na swali hilo kabla hujaanza kutafuta mbinu za kushuhudia.

Kuna utayari wa aina nyingine ambao ziwa letu limeuona, na ningependa kila Mkristo wa Kyela aijue habari yake. Mwaka 1908, upande wa magharibi, kwenye nchi ambayo leo ni Malawi, kijana wa Kitonga aitwaye Elliot Kamwana alirudi kutoka Afrika Kusini akiwa na mafundisho ya kundi la Watch Tower. Alikuwa amesomea shule za Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Alihubiri kwamba ifikapo Oktoba 1914 Kristo angekuja, na kodi na utawala wa wakoloni vingekoma. Kwa miezi michache alibatiza watu wanaokadiriwa kufika elfu kumi. Mwaka 1909 serikali ya Waingereza ikamwondoa nchini.

Tusiwacheke watu wale. Walikuwa wanalipa kodi iliyowafukuza makwao kwenda kutafuta kazi migodini, na kanisani waliwekwa miaka mingi kwenye darasa la ubatizo wakisubiri kuonekana wanafaa. Akatokea mtu wa lugha yao akawaambia njooni leo. Kiu yao ilikuwa ya kweli. Lakini Oktoba 1914 ilipofika, kilichokuwa kimekuja ni vita. Mwezi Septemba Waingereza na Wajerumani walikuwa wamepigana Karonga, mwendo mfupi tu kutoka Mto Songwe, na tangu Agosti meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imeshaharibiwa kwa mizinga ikiwa Liuli. Walioingoja tarehe ile walibaki na aibu.

Kila mwaka bado naletewa kwenye simu ujumbe wenye tarehe. Vita fulani, ugonjwa fulani, namba fulani, basi mwisho ni mwezi ule. Ushauri wangu ni mfupi: usiusambaze. Yesu mwenyewe alisema siku na saa hiyo haijulikani na mtu, wala malaika. Anayemtisha jirani yake kwa kalenda humfanya akimbie siku moja, na tarehe ikipita jirani huyo hatamsikiliza tena hata akimwambia lililo kweli.

Vita hivyohivyo vilileta mtihani ambao nadhani ulikuwa mgumu zaidi. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka mpaka kutoka kusini yakaitwaa nchi ya Wanyakyusa. Wamisionari wa Kijerumani, wa Moravian na wale wa misheni ya Berlin ambao kazi yao ndiyo iliyozaa Walutheri wetu wa leo, walikamatwa na kuondolewa. Walianza kurejea katikati ya miaka ya 1920. Hebu fikiri ulikuwa mwaminifu wa Ipyana, au Rungwe, au Manow. Mchungaji ameondoka na askari. Hakuna mshahara, hakuna barua, hakuna ajuaye kama atarudi. Waskoti wa Livingstonia walisaidia kwa kadiri yao, lakini mzigo wa kila siku ulibaki kwa walimu na wazee wa hapahapa. Wao ndio waliokusanya watu, wakafundisha watoto na kuzika wafu. Wajerumani waliporudi walikuta makanisa yapo.

Hebu itumie habari hiyo kama kipimo, ndugu msomaji. Chukulia kesho mchungaji wako amehamishwa, kwaya imevunjika, spika zimeharibika, jengo limejaa maji ya masika. Nyumbani kwako ibada itabaki? Kuna sala unayoijua bila kuongozwa? Kuna andiko moja unaloweza kumweleza mtoto wako kwa Kinyakyusa au Kikisi bila kufungua kitabu? Kama jibu ni hapana usikate tamaa. Umeshajua pa kuanzia.

Anza na kitu kidogo unachoweza kukimaliza. Injili ya Marko ina sura 16. Soma sura moja kila alfajiri kabla ya kwenda shamba au kufungua duka, na kwa siku 16 utakuwa umeipitia habari yote ya Yesu kwa mpangilio. Kila sura jiulize jambo moja tu: hapa Yesu alimtendea nani nini? Usiandike mahubiri. Mwezi unaofuata irudie. Ukishaipitia mara tatu utashangaa jinsi visa vyake vinavyokujia vyenyewe kinywani unapokaa na watu, kama vile mkulima wa mpunga anavyojua bila kuangalia kitabu ni bonde lipi litashika maji kwanza.

Sala nayo ipatie saa yake. Nawajua akina mama wa mwambao huu wanaosali wakiwa wanapepeta mchele, na sala yao ni nzito. Lakini hata wao wana dakika chache za kunyamaza kabisa, kabla watoto hawajaamka. Taja majina ya watu. Ukimwombea mtu mmoja kwa jina kila siku kwa mwezi mzima, utajua habari zake, utamsalimia kwa namna tofauti, na atalihisi jambo hilo kabla hujamwambia lolote.

Kisha andaa habari yako mwenyewe. Mama yule wa kwenye kosta hakuhitaji historia ya kanisa. Alitaka kusikia ni nini kilinishika mkono nilipokuwa mahali kama pake. Nami nilikuwa nacho! Nilikuwa nimemzika ndugu yangu mwaka mmoja tu kabla ya safari ile, na nguvu niliyoipata naijua. Sikuwa nimewahi kukaa chini nikaitafutia maneno, kwa hiyo ilipohitajika haikutoka. Kaa chini uitafutie maneno. Ieleze kwa muda mfupi, kabla chai haijapoa. Isiwe na msamiati wa madhabahuni ambao mtu wa nje hauelewi. Usizitie chumvi dhambi zako za zamani ili wokovu uonekane mkubwa, na usifiche kwamba bado zipo siku ngumu. Mjaribie mwenzi wako, au rafiki anayeweza kukuambia ukweli kwamba hapa umechanganya mambo.

Iseme kwa lugha uliyoililia. Wamisionari walipofika hapa mwaka 1891 walilazimika kujifunza, na jina walilolichukua kumwitia Mungu ni Kyala, jina ambalo wazee walilihusisha na pango la Pali Kyala kule upande wa Ikombe, ukingoni mwa ziwa. Leo bibi zetu wanapoomba humwita Kyala na machozi yanawatoka. Nimewaona vijana wanaoshuhudia kwa Kiswahili cha runinga mbele ya mzee wa miaka themanini, mzee anatikisa kichwa kwa adabu tu. Msalimie kwanza kama anavyostahili, "Mugonile, tata," ngoja akuitikie mpaka mwisho wa salamu, kisha mzungumze kwa lugha yake.

Lakini maneno yana mlinzi wake, na mlinzi huyo ni mwenendo. Jumamosi, kwenye soko la vyungu la Lyulilo karibu na Matema, wanawake wa Kikisi huleta kazi yao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nilikuwa nachagua chungu cha kupikia. Mama muuzaji alikichukua nilichokipenda, akakiweka kwenye kiganja cha kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. Akakigonga tena upande wa pili, akakiweka nyuma yake. "Hiki kimelia vibaya, kina ufa kwa ndani. Chukua kile." Mimi sikuwa nimeuona ufa, na ningelipa bei yote. Mteja mwenzangu, mgeni kutoka mbali, akamuuliza kwa nini ameiharibu biashara yake mwenyewe. Akajibu kwa utulivu kwamba Mungu naye anausikia mlio ule. Alisema hayo tu, akaendelea kupanga vyungu. Mgeni yule alichuchumaa pale, na nilipoondoka walikuwa bado wanazungumza.

Sasa linganisha na sisi tunaouza mchele wa Kyela, ambao jina lake linajulikana nchi nzima, tukachanganya na mchele wa kwingine ndani ya gunia lilelile. Au mnunuzi wa kakao anayechezea mizani kwa ujanja, kisha Jumapili anasimama kutoa ushuhuda. Au lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Watu wa kijiji wanajua mizani ya kila mtu. Nasema bila kuzunguka: kama una deni ambalo unaweza kulipa na hulipi, kama unagombania mpaka wa shamba na ndugu yako mpaka hamsalimiani, usitoke kwenda kushuhudia wiki hii. Kalipe. Kasalimiane. Kwenye Mathayo sura ya 5 Yesu anaagiza sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane kwanza na ndugu yake, na sioni kwa nini ushuhuda uwe na masharti mepesi kuliko sadaka.

Mahali ambapo utaulizwa kwa hakika ni msibani, na hapo ndipo tunapokosea zaidi. Kwetu kifo cha kijana hakipiti bila swali: ni nani? Monica Wilson, mtafiti aliyefanya kazi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya imani ya pumzi ya watu, kwamba majirani wakimnung'unikia mtu aliyekosa, manung'uniko yale humletea baridi mwilini na ugonjwa. Imani hiyo haijaisha kwa kuwa tumejenga makanisa. Huvaa tu nguo nyingine. Mwinjilisti akifika msibani akatangaza kwamba kuna mkono wa mtu, ndani ya siku tatu bibi fulani kikongwe, maskini, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, atakuwa anatazamwa vibaya. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Mkristo asiwe yeye aliyeonyesha kidole. Sina maneno laini juu ya jambo hili: anayetumia jina la Yesu kumtaja mchawi anamwaga damu.

Utajibu nini basi, mama mfiwa akikushika mkono akakuuliza ni nani aliyemuua mwanawe? Usimcheke, wala usimwambie hayo ni mambo ya kizamani. Usikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu, kwa maana hujui, na yeye atasikia kwamba Mungu ndiye adui. Mwambie, "Mama, sijui kwa nini. Ila najua Yesu alilia msibani kwa Lazaro, nami nimekuja kulia na wewe." Kisha fanya kilichokuleta. Beba maji. Pasua kuni. Lala kwenye turubai na wengine mpaka matanga yaishe. Watu wakitawanyika, wiki ya tatu au ya nne, nyumba inapokuwa kimya na sufuria kubwa zimerudishwa kwa wenyewe, nenda tena na usipa kidogo na unga. Siku hiyo ndiyo atakayokuuliza kwa kweli, na siku hiyo ndiyo unayojiandalia kila alfajiri.

Hospitalini fanya vivyo hivyo. Usimhubirie mgonjwa kwa sauti wodi nzima ikisikia, na usimwambie aache dawa. Uliza kama angependa kuombewa. Akikataa, mpe maji ya kunywa na ukae.

Wazee wetu walikuwa na neno ukwangala, raha ya kukaa pamoja, kula na kuzungumza na wenzako. Vijana wa rika moja walikuwa wakijenga kijiji chao ili wawe na raha hiyo, na Wilson alikipa kitabu chake cha mwaka 1951 jina la sifa hiyo. Naamini imani ya Kikristo imesambaa katika bonde hili kwa njia ya ukwangala kuliko kwa mikutano. Mikutano ya injili ina kazi yake, nami nimeihudhuria kwa furaha. Lakini mtu huamua akiwa na chakula mbele yake na rafiki pembeni. Mkaribishe jirani bila mtego. Kama ni Mwislamu, angalia chakula unachompa, uliza imani yake na usikilize mpaka amalize, kwa sababu unayependa akusikilize nawe unapaswa kumsikiliza. Kama ni wa usharika wa Kilutheri na wewe wa ushirika wa Moravian, au yeye ni Mkatoliki na wewe Mpentekoste, msitumie jioni nzima kuvutana kondoo. Ziwa lina watu wa kutosha ambao hakuna aliyewahi kuwauliza hali zao.

Na usihesabu upesi. Wamisionari wanne wa kwanza wa Moravian walifika 1891, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Waliobaki walijenga, wakajifunza lugha, wakatibu, wakagombana na kupatana na watu. Rungwe ilikuja kumbatiza mtu wake wa kwanza mwaka 1897: mama mmoja aitwaye Fiabarema. Miaka sita kwa mama mmoja. Jina lake la ubatizo lilikuwa Numwagile, yaani nimempata. Mpaka leo kuna watu kwetu wanaoitwa jina hilo, na wengi hawajui ni nani aliyelipokea siku ile. Sikia pia jina lenyewe: anayesema amempata ni yeye aliyekuwa akitafuta. Mhubiri hakutajwa.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, dada yangu, uliyeko Ipinda, Ngonga, Kajunjumele, Itungi au upande wa Ikombe: wiki hii chagua jina moja. Liombee kila alfajiri, na usome Marko sura ya kwanza. Kama kuna mtu mmegombana, nenda kwake leo kabla ya jioni. Na wewe mama uliyeshuka kwenye kosta ile ukiwa na karatasi za hospitali mkononi, kama maandishi haya yatakufikia, nisamehe. Jibu ninalo sasa, na mlango wangu uko wazi.